Je, Nanga Yako Imeshika?

Andiko: Waebrania 6:17-20, Matendo 27:27-44

Jumapili tulisoma kwamba tumaini letu ni nanga ya roho, na tukasema amina kwa nguvu. Lakini huku kwetu Meru na Embu, ni nani ameiona nanga ikifanya kazi? Tuko na Mto Tana na mabwawa kama Masinga na Kiambere, sawa, lakini maji wengi wetu tunayoyajua ni ya mfereji na ya kunyunyizia shamba. Hata mimi nilidhani nanga ni chuma kizito unachotupa majini halafu unaenda kulala.

Nilirekebishwa Kilifi, mwezi wa nane, tulipoenda semina ya wachungaji. Pale ambapo bahari inaingia ndani ya nchi kavu, karibu na lile daraja lililofunguliwa 1991, kuna mashua ndogo za matanga zilizotia nanga. Mzee mmoja nahodha alitupandisha kwa yake. Jioni alipotaka kusimama, hakutupa kitu. Aliishusha nanga polepole mpaka ikagusa mchanga, kisha akaanza kuachilia mnyororo huku mashua ikirudi nyuma.

Nikamwambia, "Mzee, si hiyo inatosha? Maji hapa ni mita 4 tu."

Akacheka. "Bwana mchungaji, sasa maji yamekupwa. Usiku yakijaa, na hii ni bamvua, ongeza mita 3. Kutoka majini hadi omo ni mita 1. Hiyo ni 8. Zidisha mara 5." Mita 40 za mnyororo kwa maji ya mita 4! Kumbe nanga haishiki kwa uzito peke yake. Inashika kwa kuuma chini, na inauma tu ikivutwa kwa ulalo. Mnyororo ukiwa mfupi, kila wimbi linainyanyua na kuing'oa.

Halafu akafanya jambo ambalo sijalisahau. Bahari ilikuwa tulivu, lakini aliweka injini rivasi, kidogo kwanza, kisha kwa nguvu, akiivuta nanga yake mwenyewe. Aliweka mkono juu ya mnyororo. Ukitetemeka na kugongagonga, nanga inaburutwa. Ukikaza na kutulia, imeshika. Mara ya kwanza ulitetemeka, akaivuta yote juu, akaanza upya. Hakuona aibu mbele ya wachungaji.

Sasa soma Matendo 27. Mabaharia walipima maji, pima 20, mbele kidogo pima 15, wakashusha nanga 4 upande wa tezi, wakaomba kuche. (Wahubiri wengi huzipa hizo nanga nne majina manne. Luka hakuzipa, na mimi naziacha hivyo.) Ona kitu kingine: kuna mabaharia waliojifanya wanaenda kushusha nanga za omo, kumbe wanataka kutoroka na mashua ndogo. Mtu anaweza kushika mnyororo mbele ya watu na moyo wake ushaondoka.

Nasema hivi kwa sababu ya Mei 2024. Kaunti za Pwani, Kilifi ikiwemo, zilipopiga marufuku muguka, nyumba nyingi za Mbeere zilitikisika, kama vile za Meru zilivyotikisika Uingereza ilipofunga soko la miraa 2014. Sijadili leo kama mkristo anafaa kulima hiyo mimea. Hilo tutaongea siku yake. Ndugu mmoja alinipigia usiku akauliza, "Pasta, Mungu ako wapi, na watoto wako shule?" Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hiyo kwa muda na magari yakarudi barabarani. Lakini yeye aliniambia baadaye kwamba ile wiki ilimwonyesha tumaini lake lilikuwa limefungwa kwa bei ya gunia. Alikuwa akiketi kiti kilekile kila Jumapili, na alikuwa ashasonga mbali.

Hapo ndipo kuna hatari. Mashua ikiburuta nanga haipigi kelele. Aliye ndani anaona kila kitu kiko sawa. Kwa hiyo yule mzee alichagua alama mbili nchi kavu, mnazi mmoja na paa la nyumba nyuma yake, vikiwa vimelingana. Vikiachana, na upepo haujageuka, anajua amesonga. Alama moja haitoshi, alisema, kwa sababu ukiiangalia peke yake utaiona palepale tu.

Nilisomea biashara, na huko tunakagua vitabu kila mwaka hata kama faida ipo. Nilirudi nyumbani nikajikagua. Nilikuwa nahubiri kila wiki lakini maombi yangu ya alfajiri yalikuwa yamebaki dakika chache. Mke wangu ndiye aliyeniambia. Neno lilikuwa alama yangu ya kwanza. Yeye akawa ya pili.

Mpendwa, jivute mwenyewe wakati huu ambapo kuna utulivu, kabla ya barua ya kazi, kabla ya daktari kukuita ndani. Funga siku moja. Toa kile unachoogopa kutoa. Ukisikia mtetemo, usijifiche. Vuta juu, uanze tena.

Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani tutasoma Matendo 27 yote, si kipande. Kila mtu aje na jina la mtu mmoja aliyempa ruhusa ya kumwambia, "Ndugu, umesonga."