Kazi ya Kikundi Katika Hisabati na Takwimu: Kila Mmoja Ajue Namba Ilikotoka

Kijana wa Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Rukwa, anayekwenda kusoma shahada ya hisabati au takwimu, iwe Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya, atakutana na kazi ya kikundi mapema. Mhadhiri anasoma majina matano, anatoa swali, anataja tarehe ya kukusanya. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula hubeba alama kama 40 kati ya 100 za somo, na kazi hii imo humo. Ni vizuri kujua mapema inavyofanywa, kwa sababu shule ya sekondari haikufundishi.

Kazi nyingi huharibika kwenye kikao cha kwanza, pale watu wanapogawana sura. Mmoja anachukua utangulizi, mwingine anatafuta data, wa tatu anakokotoa, wa nne anachapa, wa tano atasimama mbele ya darasa. Mgawanyo huu unaonekana wa haki, lakini kwenye takwimu ni hatari. Anayekokotoa hajui namba zilipatikanaje, na aliyezitafuta haoni zilivyotumika.

Tuchukue Rukwa yenyewe. Sensa ya 2002 iliikuta na watu zaidi ya milioni 1.1. Sensa ya 2012 ilihesabu 1,004,539. Kikundi kilichogawana sura kitaona watu wamepungua, na mwandishi wa utangulizi ataanza kueleza kwa ufasaha kwa nini vijana wanauhama mkoa huu. Kumbe ni mpaka tu uliobadilika: mwaka 2012 Mpanda ilimegwa kutoka Rukwa ukazaliwa Mkoa wa Katavi. Ukilinganisha mkoa ule ule, wa 2012 na wa 2022, watu wamefika 1,540,519, yaani ongezeko la karibu asilimia 4.3 kwa mwaka, wakati la taifa zima ni asilimia 3.2. Kwa kasi hiyo idadi huongezeka maradufu kwa miaka kama 16. Hapo ndipo penye swali la kufanyia kazi: madarasa, visima na vituo vya afya vitakwendaje na kasi hiyo?

Kwa hiyo kaeni wote na data kwanza, ndipo mgawane. Fungueni jedwali, mlisome safu kwa safu. Nani alipima? Lini? Kwa kipimo gani? Eneo linaishia wapi? Nafasi iliyo wazi maana yake ni sifuri au hakuna aliyepima? Kisha kila mmoja akokotoe jibu kuu peke yake, kwenye daftari lake, mlinganishe. Majibu yakitofautiana, msipige kura. Tafuteni penye tofauti mpaka mpaone.

Anayetoka ziwani ana hazina ambayo wenzake hawana, na mara nyingi anaificha akidhani mambo ya nyumbani si ya chuo. Chukulia kikundi kinataka kukadiria dagaa wanaovuliwa Wampembe, na mwenzenu mmoja anakwenda likizo fupi. Akihesabu wiki moja na wiki hiyo ikaangukia mbalamwezi, makadirio yameharibika kabla ya kuanza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki vizuri, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Mtoto wa mvuvi analijua hilo tangu utotoni. Mwanafunzi aliyekulia mjini hatalipata kwenye kanuni yoyote ya sampuli. Dawa yake ni kupima mzunguko mzima wa mwezi, siku 29 na nusu hivi, au kuchagua siku kwa bahati nasibu ndani ya mzunguko huo. Ndoo za kupimia samaki nazo hazilingani, kwa hiyo pimeni kwa mizani ndoo kadhaa zilizojaa kabla ya kuandika kilo. Na mkitumia takwimu za 2024, kumbukeni kuwa uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Miezi hiyo haisemi kwamba samaki hawakuwepo, na mkiichanganya kwenye wastani bila kueleza, wastani utadanganya.

Kabla ya kuuliza mtu yeyote swali, pateni barua ya chuo. Ipitieni na mhadhiri, kisha mfike nayo kwa mtendaji wa kijiji na viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) pale mwaloni. Mzee anayeulizwa kipato chake na kijana mwenye daftari hufikiria kodi, naye atataja kidogo. Msalimieni kwanza, mjitambulishe, mweleze kuwa jina lake haliandikwi, na kweli msiliandike. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu nanyi, na orodha ya majina na namba za simu haifai kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa wanaosoma hisabati tupu, data zao ni uthibitisho, na njia haibadiliki sana. Aliyeandika hatua asiwe yeye anayeihakiki. Mwingine asimame ubaoni aisome kwa sauti, na kila anapokutana na "ni wazi kwamba" aulizwe kwa nini ni wazi. Hata wabobezi hushirikiana: Januari 2009 mwanahisabati Timothy Gowers wa Cambridge aliwaalika wenzake hadharani walishambulie swali moja gumu kwa pamoja. Mojawapo ya masharti lilikuwa kwamba watu wasijifungie kulifikiria peke yao kwa muda mrefu. Walete wazo hata likiwa changa. Kabla miezi miwili haijaisha walikuwa na njia ya kulijibu.

Sasa kuhusu asiyefanya kazi. Desturi ya kumwandika jina kwenye jalada kwa huruma inamwumiza yeye zaidi, maana atafika kwenye mtihani wa mwisho mikono mitupu. Ulizeni kwanza: pengine hana bando, analea mtoto, au anaishi mbali na vikao vyenu ni usiku. Badilisheni saa. Akiendelea kutoonekana, mwambieni mhadhiri wiki ya pili. Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya mtakuwa mmechelewa. Angalieni pia ni nani anayepewa ukatibu kila mara. Katika vikundi vingi huwa ni binti, naye hubaki anachapa wakati wavulana wanakokotoa. Zungusheni kazi hizo kila wiki.

Data asilia ihifadhiwe kwenye faili moja ambalo hakuna anayeligusa. Masahihisho yote yafanyike kwenye nakala. Programu ya R haina malipo na inafaa kwa kazi nyingi za shahada ya kwanza. Andikeni amri zote kwenye faili, kisha mpeni mwenzenu aliendeshe kwenye kompyuta yake. Likikataa, kazi haijaisha. Flashi zipitishwe kwenye kinga ya virusi, hasa zikitoka steshenari.

Jadilianeni kwa Kiswahili hata kama ripoti itaandikwa kwa Kiingereza. Mwenye kuelewa kiwango cha makosa ataweza kumweleza mama yake, na asiyeweza bado anakariri. Mhadhiri anaweza kumwuliza yeyote kati yenu, kwa hiyo siku mbili kabla, mkimya kuliko wote awasilishe kazi nzima mbele yenu huku wengine wakimwuliza maswali. Na kama data zilitoka Wampembe, andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye matokeo na mipaka yake, atakayekwenda likizo aupeleke ofisi ya kijiji na kwa BMU.