Barabara Kati ya Barafu na Bahari

Iceland ni kisiwa kilichoko kaskazini ya Bahari ya Atlantiki, chenye eneo la kilomita za mraba 103,000 hivi. Kimezungukwa na barabara kuu yenye urefu upatao kilomita 1,320. Wasafiri wengi huifuata kwa ajili ya uzuri wa pwani yake. Lakini kwa mwanafunzi wa jiografia na fizikia, barabara hii ni somo kamili juu ya nguvu ziumbazo nchi.

Pwani ya kusini

Msafiri aondokaye Reykjavik, mji mkuu, na kuelekea mashariki hupita chini ya maporomoko ya Skógafoss, yenye kimo cha mita 60 hivi. Genge yaangukiapo maji hayo lilikuwa ukingo wa bahari zamani. Karibu na kijiji cha Vík, kilomita zipatazo 190 kutoka Reykjavik, ufuko ni mweusi ti, kwani mchanga wake ni basalti iliyosagwa na mawimbi. Hapo magenge yamesimama mfano wa nguzo, nyingi zikiwa na pembe sita. Nguzo hizo zilitokea lava ilipopoa, ikanywea na kupasuka, kama upasukavyo utope wa bwawa wakati wa kiangazi.

Asili ya moto huo ni nini? Iceland imekaa juu ya mpaka wa mabamba mawili ya gamba la dunia, ambayo huachana kwa sentimita 2 hivi kila mwaka. Jambo la namna hiyo hutendeka pia, kwa mwendo wa polepole zaidi, katika Bonde la Ufa la Afrika ya Mashariki. Lakini huko Iceland baadhi ya volkano zimefunikwa na barafuto, yaani barafu nene itambaayo polepole kufuata mteremko. Kubwa kuliko zote ni Vatnajökull.

Pengo la mwisho

Hadi mwaka 1974 barabara hiyo haikuwa duara kamili. Kati ya Vatnajökull na bahari upo uwanda wa mchanga na changarawe uitwao Skeiðarársandur, ambao mito yake huhamahama. Wakazi wa kusini-mashariki waliotaka kufika Reykjavik kwa gari walilazimika kuzunguka kisiwa kwa upande wa kaskazini. Mwaka huo madaraja marefu yalikamilika, na pengo likazibwa.

Mafuriko ya 1996

Tarehe 30 Septemba 1996 volkano ililipuka chini ya Vatnajökull. Maji ya barafu iliyoyeyuka yalikusanyika katika ziwa la Grímsvötn, lililozuiwa na barafu yenyewe. Densiti ya barafu ni kiasi cha 0.9 ya densiti ya maji. Kwa hiyo kina cha maji kikaribiapo sehemu 9 kwa 10 za unene wa barafu iyazuiayo, barafu huanza kuelea, na maji hupata njia chini yake.

Ndivyo ilivyotokea tarehe 5 Novemba. Mafuriko yalipofikia kilele, zaidi ya mita za ujazo 40,000 zilipita kila sekunde, kiasi kinacholingana na wastani wa mto Kongo uingiapo baharini. Vipande vya barafu vikubwa kama nyumba viligonga nguzo za madaraja. Daraja la Gígjukvísl lilichukuliwa lote, na sehemu ya daraja la Skeiðará ikavunjika. Hata hivyo hakuna aliyekufa, kwa sababu wataalamu walikuwa wakilipima ziwa, na barabara ilifungwa mapema. Kabla ya mwezi huo kwisha, magari yalipita tena juu ya madaraja ya muda.

Fundisho

Barafuto iliendelea kurudi nyuma, na mwaka 2009 mto Skeiðará ukahamia mkondo mwingine, ukiliacha daraja refu karibu na nchi kavu. Mwaka 2017 barabara ilihamishiwa kwenye daraja fupi. Vyuma vilivyopindwa na mafuriko vimewekwa kando ya njia. Vyamkumbusha mpitaji kwamba mhandisi hawezi kuuamuru mto; aweza tu kuupima, kuonya watu kwa wakati, na kuwa tayari kujenga upya.

Maswali

1. Iwapo ziwa limezuiwa na barafu yenye unene wa mita 300, maji yatakuwa na kina gani barafu ianzapo kuelea?
2. Eleza kwa nini mito ya uwanda wa changarawe huhamahama.
3. Taja mto wa wilaya yako uliowahi kuharibu daraja, na uchunguze sababu zake.