Ameuliza viza, hospitali hajauliza

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, mtu anayejiandaa kwenda Guangzhou humkosi. Anauliza tiketi, anauliza chumba cha kupanga pale Xiaobei, anauliza kilo ya mzigo wa ndege inakwendaje. Nimefanya kazi ofisi ya mizigo mtaani hapa, kisha nikaishi huko huko China, na mpaka leo sijamsikia hata mmoja akiuliza akiugua itakuwaje.

Kijana mmoja wa spea za simu, duka lake Mtaa wa Aggrey, alikata bima ya safari ya siku 30. Alikaa miezi saba, akifungasha mizigo ya wenzake kwa kamisheni. Mwezi wa tano, usiku, tumbo likamkamata upande wa kulia chini. Kidole tumbo.

Hospitali za China zina utaratibu wake, na mgeni asiyeujua hudhani ananyanyaswa. Kwanza ni kukata namba ya kumwona daktari, wenyewe wanaiita guahao. Kisha kila kitu kinalipiwa kabla: damu, ultrasaundi, dawa. Anayelazwa hutakiwa kuweka yajin, yaani advansi, na hesabu hufungwa siku ya kutoka. Kijana alitajiwa yuan 10,000 na mfukoni alikuwa na za nauli ya metro. Watanzania wakachangishana kwenye WeChat, huyu mia, yule mia mbili, na saa tisa usiku ndipo alipoingizwa chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo anayekwenda aanze na kujua viza yake inampa nini. Tangu Oktoba 15, 2011, mgeni mwenye kibali cha kazi China anatakiwa kuandikishwa kwenye hifadhi ya jamii, matibabu yakiwemo, na mwajiri anachangia. Mwenye viza ya biashara hayumo, na watu wa Kariakoo karibu wote ni wa viza ya biashara. Huyo akate bima binafsi ya muda atakaokaa kweli, si ule aliomwambia mama yake.

Wengine wa hapa huenda Dubai, na huko kuna nafuu kwa aliyeajiriwa: sheria namba 11 ya mwaka 2013 inambebesha mwajiri gharama ya bima, na haruhusiwi kuikata kwenye mshahara. Sharjah, Ajman na emireti nyingine za kaskazini ziliingia kwenye ulazima huo wa bima Januari 1, 2025, kifurushi cha msingi kikiwa dirham 320 kwa mwaka. Lakini anayezunguka masoko ya Deira, Dubai, kwa viza ya matembezi hilo halimhusu. Na asibebe tramadol wala dawa yenye codeine kwa mazoea ya duka la dawa la hapa. Kule zinahitaji kibali.

Kwenye mkataba wa bima, watu hukimbilia bei. Mimi husoma kwanza ukurasa wa yasiyolipwa, ule wa maandishi madogo. Mwenye presha au kisukari aseme, kwa sababu ikigundulika alificha, kampuni ina sababu ya kukataa madai yote. Mwenye mimba aulize kuna miezi mingapi ya kusubiri kabla uzazi haujaanza kulipiwa. Majina nayo yafanane na pasipoti herufi kwa herufi. Salum wa pasipoti na Salim wa kadi ni watu wawili mbele ya dirisha la mapokezi.

Halafu kuna fapiao, risiti rasmi ya China, ambayo bila hiyo kurudishiwa fedha ni shida. Inachekesha: mfanyabiashara aliyeshinda Kariakoo akiikwepa mashine ya EFD, kule anaifukuzia risiti korido kwa korido huku ameshika nyuzi za tumboni. Kijana wetu alizikusanya zote na kuja nazo Dar es Salaam. Kampuni ilitazama tarehe tu: bima ilikufa siku ya 30, yeye aliugua mwezi wa tano.

Juzi alikuja mwingine ofisini, anaondoka Ijumaa. Akauliza kilo, akauliza chumba. Yule wa Aggrey alikuwepo, anasubiri kontena. Akapandisha fulana, akamwonyesha kovu, kisha akanyoosha mkono: “Lete hiyo bima yako niione inaisha lini.”