Joto na Mbegu ya Ngano

Mkulima wa Kianjai akichukua mbegu ya ngano kutoka Timau, huenda akalima vizuri, mvua ikanyesha, na bado shamba likabaki na mapengo. Majirani watasema ameuziwa mbegu mbovu. Pengine mbegu ilikuwa nzima, ila joto limeishinda.

Timau ni mahali pa juu, zaidi ya meta 2,000, na udongo wake ni wa baridi. Kianjai ni chini zaidi, na jua huchoma udongo upesi. Mbegu ya ngano huota vizuri penye digrii 20 hadi 25 za sentigredi. Joto likipita 35, nyingi hazioti, na ziotazo huwa dhaifu.

Tena aina za ngano hazifanani. Nyingine huvumilia joto, nyingine hukataa. Kwa hiyo, kabla ya kumwaga fedha yako udongoni, jaribu mbegu hivi:

1. Hesabu mbegu 200 bila kuchagua.
2. Zifunge mia mia katika vitambaa viwili vilivyoloweshwa.
3. Kimoja kiweke karibu na mtungi wa maji, penye baridi. Cha pili kiweke jikoni penye joto, mbali na moto. Visikauke.
4. Siku ya 8, hesabu zilizoota.

Zikiota 85 au zaidi katika vyote viwili, panda. Zikiota kwenye baridi tu, usizitupe. Mbegu iliyovunwa karibuni huwa bado imelala, na joto huizuia kuamka. Ngoja wiki chache, ujaribu tena. Zikikataa jikoni mara ya pili, aina hiyo haifai mahali penye joto. Zikikataa pote, zimekufa. Kama zilitiwa dawa, zisiliwe na watu wala mifugo.

Wakati wa kupanda, usitie mbegu katika udongo mkavu wa moto. Manyunyu machache huiamsha, kisha jua huiua. Subiri mvua ilowanishe na kupoza udongo. Panda kina cha inchi 2 hivi. Joto hufupisha ala inayolinda jani la kwanza, na ikiwa mbegu iko chini sana, jani haliwezi kufika juu.

Mbegu za akiba zikaushe vema, wala usiziweke chini ya bati. Ghala likipungua joto kwa digrii 5, uhai wa mbegu huongezeka karibu mara mbili.

Muulize Bwana Shamba wako aina ifaayo kwenu. Lakini kujaribu mbegu ni kazi yako mwenyewe, nayo haina gharama ila siku 8.