SOMO LA KIKUNDI: ASIIGIZWE, AIGIZE MWENYEWE



Vikundi vyetu hutumia sana nyimbo na michezo ya kuigiza kufundisha watu. Leo tujiulize: ni nani tunampa sehemu katika mchezo, na ni nani tunamwacha nyumbani?

Jambo tulilolishuhudia

Siku moja tulikuwa kwenye harambee ya kikundi fulani. Mchezo ulikuwa wa kufundisha usafi wa maji. Kijana mmoja aliigiza ati "mjinga wa kijiji": akatoa ulimi, akayumbayumba, akaongea kwa kukwama. Watu wakavunjika mbavu. Sisi pia tulicheka. Kumbe nyuma kabisa kulikuwa na mama aliyemfunika mtoto wake kwa leso, na mtoto huyo ana hali ya Down. Mchezo haujaisha, mama akawa ameshaondoka.

Yule mama hakujifunza habari ya maji siku ile. Alijifunza kwamba mtoto wake ni kichekesho. Nasi tulisahau walivyosema wazee: hujafa, hujaumbika.

Hali ya Down ni nini?

Si laana, si uchawi, wala si kosa la mama. Mwili wetu umejengwa kwa seli ndogo sana. Ndani ya seli mna vitu vya urithi viitwavyo kromosomu, kwa kawaida 46. Mwenye hali hii huwa na 47, kwa maana kromosomu ya namba 21 ziko tatu badala ya mbili. Jambo hili lilielezwa mwaka 1959 na daktari Mfaransa, Jérôme Lejeune, na wenzake. Jina "Down" ni la daktari Mwingereza aliyeandika juu ya hali hii mwaka 1866. Mtoto huchelewa kutembea na kusema, na hujifunza polepole. Lakini anajifunza.

Waliopewa nafasi

Nigel Hunt wa Uingereza alikuwa na hali hii. Aliandika habari za maisha yake mwenyewe, na kitabu kikachapishwa mwaka 1967. Pascal Duquenne wa Ubelgiji aliigiza mtu mwenye hali kama yake katika filamu, na mwaka 1996 akashinda tuzo ya mwigizaji bora huko Cannes, Ufaransa, pamoja na mwigizaji mwenzake Daniel Auteuil. Hakuna aliyehitaji kutoa ulimi ili kumwiga.

Lakini tunaotaka mmkumbuke zaidi ni Judith Scott wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1943. Akiwa na miaka saba alipelekwa kwenye makao ya kutunzia walemavu, akakaa huko miaka 35 hivi. Alikuwa kiziwi pia, na kwa miaka mingi hakuna aliyetambua. Walidhani hajibu kwa sababu hana akili. Mwishowe pacha wake, Joyce, alimtoa akaenda kuishi naye.

Mwaka 1987 Judith alianza kwenda kwenye kituo cha sanaa huko Oakland. Mwanzoni hakuonyesha hamu yoyote. Walimu walivumilia. Kisha akashika nyuzi na vitambaa, akaanza kufungafunga vitu: vijiti, vyombo vibovu, chochote alichookota. Hakuacha hadi alipofariki mwaka 2005. Leo kazi zake zimewekwa katika majumba makubwa ya sanaa. Kina mama mnaosuka vikapu, mnaona? Ni nyuzi tu, na mtu aliyengojewa.

Kikundi chenu kifanye nini?

1. Msimfiche wala msimlazimishe. Mwulizeni yeye na wazazi wake kama anapenda kushiriki.

2. Anzeni na anachokiweza: kupiga kayamba, kuitikia wimbo, kucheza litungu linapopigwa, kusuka. Akizoea, mwongezeeni.

3. Maneno yawe machache. Fanyeni mazoezi mahali pale pale, saa ile ile, na mrudie mara nyingi bila kumkaripia.

4. Apimwe moyo na masikio hospitalini. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na wengi husikia kwa shida. Ni vizuri kujua kabla ya kumchezesha ngoma nzito.

5. Kikundi kikipata pesa, naye apate fungu lake.

6. Acheni majina ya dharau. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu aheshimiwe, na asiitwe kwa njia ya kumdhalilisha.

Kwa habari ya shule, ulizeni ofisi ya elimu iliyo karibu nanyi mahali watoto wenye mahitaji maalum wanapofanyiwa tathmini.

Kila tarehe 21 Machi ni Siku ya Hali ya Down Duniani, inayotambuliwa na Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2012. Tarehe 21 ya mwezi wa tatu inakumbusha zile kromosomu tatu za namba 21. Mnaweza kutayarisha wimbo au mchezo wa siku hiyo.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika michezo yetu, ni nani huchekwa? Kwa nini?

2. Je, kijijini kwetu kuna mtoto au mtu mzima ambaye hatujamwona nje siku nyingi? Nani atakwenda kumsalimia wiki hii?

3. Yule mama wa leso akirudi kwenye mkutano wetu, tutamwambia nini, na mtoto wake tutampa sehemu gani?