Bonyeza Mara Moja, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, binti mmoja aliyeanza kazi juzi kwenye ukumbi wa sherehe ananiuliza: "Dada, kile kidude cha vitufe cha kubadilishia picha na sauti kinanitoa jasho. Nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena, mara kila kitu kinavurugika mbele ya wageni. Nimekiharibu?"

Hujakiharibu, mama. Umekiharakisha.

Mimi yalinikuta kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi. Mshereheshaji akaita picha za utotoni. Nikabonyeza kitufe cha laptopu, skrini ikawa nyeusi tii. Nikabonyeza tena, na tena, nikajaribu na cha jirani yake. Kufumba na kufumbua skrini zikaanza kupokezana: bibi harusi akiwa na miaka mitatu, kamera ikimwonyesha mpishi, kisha mpira kutoka kwenye king'amuzi, mtangazaji akipiga kelele ya goli. Mashangazi walicheka hadi wakashika mbavu. Baba mzazi hakucheka.

Kosa langu lilikuwa hili: sikujua kwamba kile kidude hakipitishi picha wala sauti. Kazi yake ni kupeleka agizo tu, kwa waya mwembamba, hadi kwenye swichi kubwa iliyo kwenye kabati la mitambo. Swichi ikishabadilisha njia, vifaa vya HDMI vinaanza kusalimiana: unaonyesha picha ya ukubwa gani, unaruhusiwa kuonyesha hii yenye kinga ya hakimiliki? Salamu hizo huchukua sekunde kadhaa, na skrini huwa nyeusi wakati huo. Mwenye papara akibonyeza tena, anatuma agizo jingine, na salamu zinaanza upya. Kwa hiyo bonyeza mara moja, ondoa kidole, hesabu hadi tano.

Halafu nenda asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu. Kuna vidude vinavyotaka utaje skrini kwanza ndipo uchague chanzo, vingine kinyume chake, na vingine havitii mpaka ubonyeze kitufe cha kuthibitisha. Jaribu chako ukijue. Bandika karatasi chini ya namba: 1 laptopu, 2 kamera, 3 king'amuzi. Swichi ya vyanzo 4 na skrini 4 ina mipangilio 256 inayowezekana, maana kila skrini inachagua yake. Kichwa cha nani kitabeba hiyo? Kama yako ina sehemu ya kuhifadhi mipangilio, hifadhi miwili au mitatu unayoitumia kweli: ya kuingia maharusi, ya hotuba, ya muziki.

Sauti uiangalie kwa jicho la pekee. Mara nyingi imefungwa pamoja na picha, ndiyo maana goli lile lilisikika hadi jikoni. Swichi nyingi zinaruhusu kuzitenganisha, ili spika zibaki na muziki wakati picha zinabadilika. Muulize fundi wenu akuonyeshe.

Ukiwa na rimoti ya mkononi na haiitiki, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, ubonyeze. Mara nyingi utaona kitaa kikimeta; kisipoonekana, anza na betri.

Na kabla hujaenda kuchukua pilau, funga vitufe kama vina kufuli. Watoto wa harusini hawapiti taa inayowaka bila kuigusa.