Kwa Nini Nchi za Juu Zina Baridi

Watu wengi hudhani kwamba mtu apandaye mlima hulikaribia jua, na kwa hiyo yampasa kuona joto zaidi. Lakini kila asafiriye kutoka Mombasa kwenda Limuru hujua kwamba sivyo mambo yalivyo. Mombasa mtu hutoka jasho hata akiketi kivulini. Limuru huenda akahitaji koti mchana. Na Mlima Kenya, wenye kimo cha meta 5,199, una barafu kileleni ingawa upo karibu kabisa na Ikweta. Sababu yake ni nini?

Kwanza, na ijulikane kwamba jua li mbali nasi kadiri ya kilometa milioni 150, na nuru yake huchukua dakika 8 hivi kutufikia. Katika umbali mkubwa namna hiyo, kimo cha mlima si kitu.

Pili, sehemu kubwa ya joto la hewa haitoki katika jua moja kwa moja. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, 78 ni naitrojeni, 21 ni oksijeni, na iliyobaki ni ya namna nyingine. Nuru nyingi ya jua hupenya humo kama ipenyavyo kioo cha dirisha, ikaipiga ardhi. Ardhi ndiyo ipatayo moto, nayo huipasha hewa kutoka chini, kama jiko lipashavyo sufuria. Hewa iliyopata moto hupanda. Na kadiri ipandavyo hutanuka, kwa kuwa juu hakuna uzito mwingi wa kuibana, na kwa kutanuka huko hupoa. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 na nusu za Sentigredi kwa kila meta 1,000. Limuru iko kiasi cha meta 2,200 juu ya bahari. Basi Mombasa ikiwa na nyuzi 30, si ajabu Limuru ikawa na 16 hivi.

Usiku ardhi huliachia joto lake lirudi juu. Mawingu, mvuke wa maji na hewa ya ukaa huzuia sehemu ya joto hilo, mfano wa blanketi. Kama mvuke na hewa ya ukaa visingalikuwapo, wastani wa joto la dunia ungalikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya nyuzi 15 hivi juu yake. Katika nchi za juu blanketi hilo ni jembamba, hasa wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, hewa inapokuwa kavu na mbingu haina wingu. Ndipo joto lipoteapo upesi, na mvuke ulio karibu na majani huganda ukawa sakitu. Januari 2012 sakitu iliunguza chai nyingi katika Kericho na Nandi.

Tena hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto. Usiku huteremka polepole kama maji, ikakusanyika bondeni. Kwa hiyo viazi vya bondeni huweza kuwa vyeusi asubuhi, ilhali vile vya mtelemkoni, hatua chache tu juu yake, havikudhurika.

Kwa sababu hiyo yafaa viazi na maharagwe vipandwe mtelemkoni, na bonde liachiwe majani ya ng'ombe. Ua mnene ulio chini ya shamba huizuia hewa baridi isipite, kama ukingo uzuiavyo maji. Basi na uachwe wazi mahali pamoja. Vitalu navyo vifunikwe kwa nyasi jioni, vikafunuliwe jua likiisha kuchomoza.

Mkulima aonapo jioni ya kiangazi kwamba mbingu ni safi na upepo umetulia, asilale kabla hajakifunika kitalu chake.